Sauti Nne na Marahaba ya Mwalimu Yoeli

Vijana wa bendi mpya ya Mikumi mlinijia nyumbani na soda na biskuti, mkaniomba niandike jinsi bendi yetu ya Sauti Nne ilivyoanza na ilivyopata jina. Soda nimeshakunywa, sasa sina pa kukimbilia. Habari za mishahara sitaandika, maana habari fupi kiasi hicho haihitaji karatasi. Vyeo navyo tuviache. Kwenye bendi kulikuwa na kiongozi mmoja, na sisi wengine wote tulikuwa wabeba spika.

Mimi nilikuwa mpiga besi. Mpiga besi husimama nyuma, ubavuni mwa drams, na kwa karibu miaka arobaini kazi yangu ilikuwa kuvuta nyaya nne nene huku nikitazama visigino vya wenzangu. Msicheke. Mtu akiwa jukwaani uso wake hutabasamu hata kama ana homa, lakini miguu haijui kudanganya. Kwa hiyo nitawasimulia mambo kama nilivyoyaona kutoka huko nyuma.

Siku yangu ya kwanza kazini haikuwa kwenye bendi. Ilikuwa kanisani, kule milimani juu ya Kisanga, mbele ya Mwalimu Yoeli. Huyu alifundisha shule ya msingi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na kwaya alifundisha kila siku aliyopewa na Mungu. Alikuwa mwembamba, mwenye koti jeusi ambalo hakulivua hata jua lipasue mawe. Mfukoni mwa koti hilo alikuwa na kichuma chenye meno mawili kama uma, alichoachiwa na walimu wa misheni. Alikigonga gotini, akakiweka sikioni, akafumba macho na kusikiliza kama mtu anayepokea habari kutoka mbali. Ndipo akatoa sauti, nasi tukaifuata. Hakuwahi kuanza jambo kabla ya kusikiliza kwanza.

Alinipima sauti siku ile nikiwa kijana niliyeota ndevu tatu, akasema, "Petro, wewe ni besi."

Nilinuna, maana wasichana wote walitazama upande wa sauti ya kwanza.

"Usinune," akaniambia. "Watu husifia bati, lakini nyumba imeshikwa na msingi."

Maneno hayo yamenitunza maisha yangu yote, pamoja na zile jioni ambazo mtangazaji alitaja majina ya wanabendi wote akanisahau mimi.

Mwalimu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Amosi, rika langu. Kila mtu milimani alijua kwamba siku Mwalimu akichoka, Amosi ndiye atakayesimama mbele ya kwaya. Amosi mwenyewe alijua. Tatizo lilikuwa kwamba Amosi alipenda gitaa. La kwanza alilitengeneza kwa ubao na debe la mafuta ya kupikia, na nyaya zake alizichambua kutoka kwenye kebo ya breki ya baiskeli. Lilitoa sauti ya paka aliyekanyagwa. Mwalimu alilikuta nyuma ya stoo ya kanisa, sisi tukasubiri lipigwe shoka. Akaligeuza-geuza, akatoa uma wake, akaugonga gotini.

"Kama ni lazima upige kelele," alimwambia mwanawe, "basi piga kelele iliyo sawa na uma."

Akamwonyesha jinsi ya kukaza nyaya. Nawaambia haya ili mjue kwamba ugomvi uliokuja baadaye haukuanzia kwenye gitaa. Mzee hakuwa mtu wa kuchukia gitaa.

Vyombo vya umeme tulivipata kwenye shamba moja la mkonge. Wafanyakazi wa pale walikuwa na bendi zamani. Bendi ikafa, magitaa yakabaki stoo yakitafunwa na panya. Mtunza stoo alituachia kwa sharti la kupiga kwenye sherehe zao. Yalikuwa magitaa manne. Amosi akayapanga ukutani, akayaangalia kwa muda mrefu.

"Petro," akasema, "kwaya ina sauti ngapi?"

"Nne."

"Na sisi tuna magitaa mangapi?"

Huo ndio ufunguo wote wa bendi yetu, vijana, na hakuna siri nyingine. Bendi za wakati ule kila gitaa lilipiga soga zake. Yetu yaliimba kama kwaya. Solo la Amosi lilishika sauti ya kwanza, ndugu wawili wa Mvumi wakashika ya pili na ya tatu, na mimi nikabaki nilikowekwa na Mwalimu. Ndiyo maana tuliitwa Sauti Nne, ingawa tulikuwa watano. Wa tano alikuwa Masanja wa drams, na huyu anahitaji aya yake mwenyewe.

Masanja ni Msukuma. Ukoo wake ulishuka kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, ukaweka makazi bondeni upande wa Masanze. Tulimjua kwa sababu ng'ombe hao waliingia kwenye mahindi ya Mwalimu Yoeli. Siku iliyofuata kijana Masanja alitumwa kuomba radhi, akapanda mlima na kibuyu cha maziwa mgando. Sote tulikusanyika kutazama atakavyochanwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umetokea wapi wewe?"

"Kwetu ni Usukumani, Mwalimu."

Uso wa mzee ukafunguka. "Aa! Kumbe mtani! Basi sishangai. Ng'ombe wenu wamekula mahindi yangu kwa sababu nyinyi wenyewe hamjui kuwapikia."

"Hapana, Mwalimu," Masanja akajibu bila kupepesa. "Waliisikia kwaya yako, wakadhani mwenzao anachinjwa. Walikuja kumwokoa."

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Kesi iliishia hapo. Sisi watu wa milimani na watu wa kule tumekuwa watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani hukutukana mbele ya wakwe zako, huchukua kofia yako kichwani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Msibani ndiyo usiseme. Mtani huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake, hulizuia jeneza lisipite mpaka akombolewe kwa kitu anachokitaka yeye. Wachungaji wetu walijaribu zamani kuikataza desturi hiyo, wakaiacha; ilikuwa na mizizi mirefu kuliko yao.

Alipokuwa akiondoka, Masanja alikuwa akipiga kile kibuyu kitupu kwa vidole, na Amosi akakimbia nyuma yake kumwomba asiende.

Hayo yote yalikuwa mazoezi. Kazi yenyewe ilianza Mikumi, kwenye baa ya Mama Rehema, kando ya barabara kuu malori ya Zambia na Kongo yanapopumzika. Mama Rehema alikuwa mwanamke mnene, mpole kwa walevi na mkali kwa wanamuziki. Alitupa Jumamosi mchana. Usiku, alisema, jenereta lake linahudumia friji, na kati ya bia baridi na sisi yeye anajua kipi kinamlea.

Tulisafiri kutoka Kilosa juu ya lori, na njiani ncha ya jembe la kukokotwa na ng'ombe ikatoboa spika ya Amosi. Karatasi yake ikachanika. Tulipounganisha nyaya, gitaa la solo likakoroma kama mzee aliyelala chali. Amosi alitaka kulia.

"Gitaa lako lina mafua," Mama Rehema akamwambia. "Lipe limau upige. Watu wameshakaa."

Tukapiga. Nyinyi leo mnanunua kidude cha kukanyaga kwa mguu ili mpate sauti ile, mnaiita roki. Sisi tuliipata kwenye jembe. Madereva waliacha nyama zao zikapoa. Sauti nne nyororo za kanisani, na juu yake lile gitaa linalokwaruza: hawakuwa wamesikia kitu cha namna hiyo, na kusema kweli hata sisi hatukuwa tumesikia.

Shida ikawa kwamba nyimbo zetu zilikuwa chache, zikaisha. Mbele kabisa alikaa dereva mmoja mkubwa aliyekuwa akielekea Tunduma. Alikuwa ameweka redio kaseti yake mezani, anaturekodi.

"Ongezeni!" akaunguruma. "Kanda bado ina nafasi!"

Niliona visigino vya Amosi vikigusana. Hivyo ndivyo vilivyokuwa alipokata shauri. Kisha akaanza wimbo wa mavuno wa baba yake.

Ule wimbo Mwalimu Yoeli aliutunga mwenyewe, na kwaya yetu iliuimba mara moja tu kwa mwaka, kwenye Sikukuu ya Mavuno. Tuliujua kama tunavyojua njia ya nyumbani, kwa hiyo mikono ilienda yenyewe. Maneno ya kanisani Amosi hakuyaimba. Alibuni mengine papo hapo, ya msichana wa Masanze anayesubiri lori lirudi. Watu walisimama juu ya viti. Tuliurudia mpaka Mama Rehema akazima jenereta. Dereva akachomoa kanda yake, akaibusu, akaondoka nayo kuelekea Tunduma.

Hivyo ndivyo tulivyopata jina. Hatukuwa na meneja wala tangazo. Kanda ile ilinakiliwa kutoka lori hadi lori, kila dereva akimpa mwenzake kwenye maegesho, na kabla sisi hatujatoka nje ya wilaya wimbo wetu ulikuwa umeshavuka mpaka wa nchi. Ulifika kila mahali. Kwa bahati mbaya ulifika na Kisanga.

Sikukuu ya Mavuno ilipowadia tulirudi kwenye kwaya kama kawaida, maana hatukuwa tumeiacha. Kanisa lilikuwa limejaa maboga, mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu. Mwalimu aligonga uma wake, akasikiliza, akatupa sauti, tukaanza. Ubeti wa kwanza ulienda vizuri. Wa pili, nikaona mabega ya vijana walioketi nyuma yanaanza kucheza. Kina mama wakaanza kuyumba. Utingo wa lori lililokuja kupakia mahindi, ambaye aliingia kusali kwa nia njema kabisa, akasahau alipo.

"Amosi!" akapaza sauti. "Likoromeshe!"

Kanisa lote likaangua kicheko. Hata kuku walipiga kelele. Mwalimu akashusha mikono. Sauti ya kwanza ikanyamaza, ya pili, ya tatu, na mimi nikabaki peke yangu nikiimba besi kwa kuwa nilikuwa natazama chini.

"Amosi," mzee akauliza taratibu, "wimbo huu umeupeleka wapi?"

"Mikumi, Baba."

"Mikumi mahali gani?"

"Baa, Baba."

Hakufoka. Laiti angefoka. "Niliutunga wewe ukiwa tumboni," akasema, "mwaka ule wa njaa, siku mvua iliporudi. Niliahidi utaimbwa hapa tu." Akautia uma mfukoni, akatoka nje.

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza Amosi kwenda kuomba radhi. Mzee alikuwa uani, kwenye kiti chake cha kamba. Amosi akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, Baba."

Mwalimu alimtazama. "Umefika," akasema.

Basi. Mama yake Amosi akaleta uji, Amosi akapewa kiti, akaulizwa kama njia ilikuwa na tope. Ila ile marahaba haikuja. Kwa mtu asiye wa kwetu huenda hilo ni jambo dogo. Kwetu, shikamoo isiyojibiwa hubaki imening'inia juu ya kichwa cha mtu kama tofali ambalo halijaamua kuanguka. Mimi nilipomwamkia, nikajibiwa vizuri: "Marahaba, Petro, mama hajambo?" Niliipokea kwa aibu, kama mtu aliyepewa nyama mbele ya mwenye njaa.

Nilingoja Amosi asogee. "Mwalimu," nikasema, "na mimi nilipiga baa."

"Wewe si mwanangu," akanijibu.

Amosi alijaribu kuuacha ule wimbo. Jumamosi mbili tatu alikataa kuupiga, na madereva nusura wamtupie chupa. Walikuwa wamekatiza safari kwa ajili yake. Akapanda tena mlima. Akasalimia, akaambiwa amefika. Akasema, "Baba, ukisema niuache, nauacha leo."

"Utalifuata kila lori?" mzee akamwuliza.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tuliendelea kuupiga, na kila ulipopigwa nilijua kuna mtu mmoja anayeupiga huku unamuuma.

Tukaitwa Dar es Salaam kurekodi. Kwa kuogopa aibu, Amosi alipeleka spika kwa fundi wa Morogoro aibandike karatasi na gundi. Studio fundi mitambo akatusifu kwa usafi wa sauti. Tulipousikiliza wimbo, ulikuwa msafi kama sahani iliyooshwa, na hauna chakula ndani yake. Tukatazamana. Masanja akatoa msumari mfukoni, akaitoboa spika upya mbele ya fundi, ambaye nafikiri hadi leo hajapona. Wimbo uliosikika redioni, ule mnaouiga nyinyi, ndio wa baada ya msumari. Ukikutana na kasoro inayopendwa na watu, usiwe na haraka ya kuitibu.

Miaka iliyofuata tuliishi barabarani. Iringa, Mbeya, Tunduma, Dodoma, kurudi. Tulipita mbugani Mikumi mara nyingi mpaka nikaamini tembo wanatujua, maana waliacha kutuogopa na wakaanza kutudharau. Nilijifunza mambo machache ambayo nawaachia. Nyaya za besi huchemshwa zikichoka, zinaamka. Usiweke amplifaya chini kwenye kumbi za vumbi. Weka juu ya kreti. Usimpigie bwana harusi solo refu, ana haraka. Na kabla ya onyesho kaeni kimya kidogo, msikilize. Hilo Amosi alilirithi kwa baba yake. Hakuwa na uma, aligonga kidole gotini, akafumba macho, ndipo akaanza.

Kila tuliporudi Kilosa, kabla hajaoga wala kula, Amosi alipanda mlima kumwamkia mzee. Wakati ule picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye vioo vya malori, na wanawake wa mjini walimfahamu kwa kikohozi. Alifika uani, akavua kofia, akainama. "Shikamoo, Baba." "Umefika." Mama yake alijibu kwa ajili ya wawili: "Marahaba, mwanangu, marahaba sana, na hii nyingine kaiweke." Wazee wa kanisa walimwendea Mwalimu, mchungaji alimwendea. Aliwasikiliza wote kwa heshima, akawapa chai. Mama naye alifariki akiwa amemwomba hilo hilo. Mzee alimlilia mkewe mpaka tukamhofia, ila alilokataa alikuwa amelikataa.

Kuna alasiri moja ambayo sitaisahau. Ilikuwa sikukuu, tunapiga Kilosa mjini, uwanja wa mpira umefurika. Jukwaa lilikuwa lori lililofunguliwa mbavu. Katikati ya wimbo wa mavuno niliinamisha macho kama kawaida yangu, na upande wa nyuma wa lori, chini ya turubai, nikaona jozi ya viatu vyeusi vilivyopakwa rangi vizuri na juu yake pindo la koti jeusi. Sikuona uso. Kiatu cha kulia kilikuwa kikinyanyuka na kushuka, kikihesabu mapigo yetu. Nilikosea noti, jambo nililozoea kuwalaumia wengine. Nilipotafuta njia ya kumwashiria Amosi, viatu vilikuwa vimeondoka.

Nilimwambia baada ya onyesho. Hakuamini. Asubuhi tukapanda wote.

"Shikamoo, Baba."

"Umefika." Mzee akakoroga uji wake. "Sauti ya tatu jana ilikuwa chini kidogo."

Tulipofika kwenye mteremko wa kurudi, Amosi alikaa kwenye jiwe, akacheka huku machozi yanamtoka. "Alikuja, Petro. Amesikiliza. Mtu akishasikiliza, si ipo siku atajibu?"

Nikamwambia ipo. Niliamini kabisa.

Mambo yakabadilika, kama mnavyojua. Mto Mkondoa ulifurika, ukaingia kwenye stoo yetu, ukachukua drams na ile spika yenye mafua. Nadhani ilikwenda kutibiwa baharini. Kanda zikafa, wakaja vijana wanaopiga muziki bila kushika chombo. Tukawa bendi ya harusi, kisha ya harusi za watoto wa wale tuliowapigia harusi. Wale ndugu wa Mvumi walirudi kulima. Masanja alikuwa ameongeza ng'ombe, na kila asubuhi alipanda pikipiki hadi kwa Mwalimu Yoeli kumpelekea maziwa. Mzee alikuwa anaukaribia umri wa miaka tisini na macho yamemwisha. Alimtambua Masanja kwa mlio wa pikipiki.

"Mwizi wa mahindi umekuja?"

"Nimekuja kuona kama umekufa nirithi koti."

Wangekaa hivyo saa nzima. Walizungumza nini kingine, sijui. Amosi naye, mwenye wajukuu sasa, alifika kila wiki. Alivua kofia, akafichua mvi zake, akainama mbele ya mzee asiyemwona. "Shikamoo, Baba." "Umefika." Nilitamani kumtikisa yule mzee. Nilimpenda na nilitamani kumtikisa.

Mwaka jana, msimu wa mavuno, Mwalimu Yoeli alifariki usingizini. Amosi alinipigia simu. Hakusema "Baba amefariki." Alisema, "Petro, hakujibu."

Siku ya mazishi kanisa halikutosha. Kwaya ya wajukuu iliimba, mchungaji akahubiri, kisha jeneza likainuliwa kuelekea kaburini. Mlangoni likasimama. Mtu alikuwa amekaa katikati ya njia kwenye kile kiti cha kamba. Alikuwa Masanja. Amevaa lile koti jeusi, likimbana mabegani, na miwani ya mzee iliyofungwa uzi. Watu wakaanza kucheka kwa machozi, maana alikaa vilevile, shingo upande.

"Sauti ya tatu mnabweka!" akaikemea kwaya kwa sauti ya Mwalimu hasa. "Na wewe mchungaji, mahubiri marefu hivyo, unafikiri nina muda? Nina safari."

Wazee wakajua wajibu wao. Wakamletea jogoo wa kukomboa njia. Masanja akamsukuma kando.

"Sitaki kuku. Jeneza halipiti."

Wakaongeza mbuzi. Akakataa. Kicheko kikaanza kupungua. Mzee mmoja akauliza, "Sasa mtani unataka nini?"

Masanja akanyoosha kidole. "Yule pale mwenye mvi. Nimekaa hapa tangu asubuhi, hajaniamkia."

Nilikuwa nyuma ya Amosi. Niliona visigino vyake vikirudi hatua. "Masanja, tafadhali," akasema. "Leo usifanye hivyo."

"Masanja ni nani? Masanja yuko machungani na ng'ombe wake wezi. Mimi nauliza mwanangu, mbona huniamkii?"

Hakuna aliyecheka tena. Amosi hakuwa na ruhusa ya kukasirika, na jeneza la baba yake lilikuwa mabegani mwa watu likisubiri. Visigino vikagusana. Akavua kofia, akasogea mbele ya kiti, akainama.

"Shikamoo, Baba."

Masanja akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa ule uma. Akaugonga gotini, akauweka sikioni, akafumba macho. Alisikiliza mpaka nikasikia upepo kwenye migomba. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha Amosi.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba. Wimbo ni wako."

Amosi alipiga magoti pale pale, akalia kwa sauti kama mtoto, na hakuna aliyemzuia. Masanja akainuka, akakunja kiti, njia ikafunguka, jeneza likapita.

Ule ndio ukawa mwisho wa kazi yangu. Baada ya kuzika, kwaya iliomba wimbo wa mavuno, sisi watatu tukaingia pamoja nao bila vyombo, na nilipomaliza ubeti wa mwisho nilijua sina kingine cha kupiga. Besi yangu ipo ukutani. Aje mwenye kuihitaji aichukue. Nyaya azichemshe kwanza.

Jioni tulikuwa tukishuka mlima, Amosi, Masanja na mimi. Masanja bado alikuwa na lile koti, maana mtani harudishi. Tulienda mpaka kwenye lile jiwe la mteremkoni. Amosi akasimama.

"Niambie ukweli. Yeye ndiye aliyekutuma?"

Masanja alirekebisha koti mabegani. "Mtani haulizwi," akasema, akatangulia.

Amosi alibaki amesimama akimtazama akiteremka. Kisha akagonga kidole gotini, akafumba macho, akasikiliza. Akaanza kuimba polepole sauti ya kwanza, na mimi, kama nilivyofundishwa, nikaingia chini yake.